Shingo, Kidari na Nundu

Miaka kumi na sita Nyanjige binti Mashimba alipika kwenye kantini ya kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, nje kidogo ya mji wa Bariadi, na siku alipopunguzwa kazi hakupewa hata mwiko wa kumbukumbu. Aliambiwa tu: asante mama, chama cha ushirika hakina uwezo tena, soko huria linakuja, kila mtu na lwake. Kila mtu na lwake! Mtu amelisha vibarua mia na ishirini kila mchana wa Mungu, msimu kwa msimu, halafu anaambiwa kila mtu na lwake. Alitoka getini na khanga mbili na hasira moja. Khanga zilichakaa, hasira haikuchakaa.

Tangu siku hiyo alikuwa akiuza ugali na nyama ya kuchemsha kwenye kibanda cha bati ng'ambo ya barabara, yeye na Eufrasia, mwenzake aliyepunguzwa naye siku moja. Wateja hakukosa, madereva wa malori ya pamba walimjua kwa jina. Lakini kutoka pale kibandani aliliona paa la kantini, na mlango wake, na kufuli kubwa mlangoni. Jiko lile lilijengwa yeye akiwa amesimama pale, akimwelekeza fundi: mafiga sita ya matofali ya kuchoma, bomba la moshi linalovuta sawasawa, meza ya zege ya kukatia nyama. Sasa panya walikuwa wakizaliana humo. Kila alipolitazama, roho ilimuuma kweli kweli.

"Eufrasia," alikuwa akisema, "mimi sitaki utajiri. Nataka jiko langu."

"Najua, dada," Eufrasia alijibu, huku akimenya vitunguu. Alikuwa ameyasikia maneno hayo kila siku kwa mwaka mzima na nusu.

Mwezi wa sita, kampuni za watu binafsi ziliporuhusiwa kununua pamba, kiwanda kikakodishwa kwa wageni kutoka Mwanza. Akaja meneja, Bwana Constantine, mtu wa miwani na kitambi, mwenye kupenda kula na asiyeona haya kusema hivyo. Wiki ya kwanza alifufua mitambo. Wiki ya pili akauliza kantini inafunguliwa lini, maana vibarua wenye njaa hawabebi marobota. Watu wawili wakapeleka barua za kuomba. Mmoja alikuwa Nyanjige. Wa pili alikuwa Januarius.

Huyu Januarius alikuwa na hoteli karibu na stendi, yenye friji ya soda, video, na maua ya plastiki juu ya kila meza. Zamani aliwahi kuwa mhudumu kwenye hoteli moja kubwa ya Mwanza, na Bariadi nzima ilijua, kwa sababu hakuna siku aliyopitisha bila kuisema. Mtu akimwomba chumvi, anasimuliwa jinsi chumvi inavyoletwa mezani Mwanza. Hakuwa mtu mbaya, hapana. Alikuwa na majivuno tu, na majivuno yake yalikuwa yanavaa kofia nyeupe ya mpishi hata siku ambazo hapiki.

Bwana Constantine akawaita wote wawili ofisini. Barua zao alizisukuma pembeni.

"Mimi siangalii barua, naangalia sahani," akasema. "Sikilizeni. Kuna nyama niliwahi kula, iliyookwa taratibu, inakatika kwa kijiko. Tangu siku ile sijaipata tena. Ijumaa tunafungua msimu, nimenunua ng'ombe mmoja mnadani. Alhamisi anachinjwa. Mtagawana nusu kwa nusu, kila mtu achague vipande vyake kwa zamu. Ijumaa saa nane kamili mchana nataka chakula mezani. Nitaonja mimi, wataonja wafanyakazi. Atakayeshinda, ufunguo wa kantini ni wake."

"Hapo umesema, mheshimiwa," Januarius akasema. "Kule Mwanza sisi tulikuwa..."

"Sijamaliza. Mtu akichanganya nyama ya nje, hata kipande kimoja, huyo ametoka. Nataka wote mpike mnyama mmoja."

Nyanjige alisema neno moja tu: "Sawa." Lakini alipovuka barabara kurudi kibandani miguu ilikuwa haikanyagi chini. Jiko lake! Jiko lake liko umbali wa sahani moja!

Alhamisi asubuhi akaenda machinjioni mapema, akamkuta ng'ombe bado yu hai. Lo! Maksai mzee, wa kijivu, mrefu, mbavu zinahesabika. Mtu aliyemleta mnadani kutoka Shishiyu alikuwa bado yupo, anasubiri usafiri, na Nyanjige akamsalimia kwa Kisukuma, kama wasalimianavyo watu wa huko, naye akaitikia akimwita mayu, yaani mama.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Huyu amelima misimu mingapi?"

Mzee akamtazama maksai kwa huruma. "Tisa, mayu. Jembe na mkokoteni. Mtakaoila nyama yake nawaonea huruma."

Eufrasia alishika kichwa kwa mikono miwili. Misimu tisa ya jembe! Hiyo nyama itang'oa watu meno. Nyanjige yeye alicheka peke yake, cheko la chini kwa chini, na akakataa kusema anacheka nini.

Sasa, watu wa Bariadi na ng'ombe ni ndugu. Mtoto wa huku anajua ng'ombe kwa rangi, kwa pembe, kwa mama yake na bibi yake. Mpe kundi la ng'ombe mia tatu, atakuonyesha yule mmoja asiye wa pale. Lakini ng'ombe huyo huyo akishafika buchani, watu hawa hawa wanabakiwa na maneno mawili: steki na mchanganyiko. Steki ni ya wenye nazo, nyama tupu isiyo na mfupa. Mchanganyiko ni wetu sisi wengine. Mtu akipata mgeni wa heshima ananunua steki, awe anachemsha, anakaanga au anaoka, yeye ni steki tu. Ukimwuliza kwa nini, anakushangaa. Steki si ndiyo nzuri?

Nyanjige alijua zaidi ya maneno mawili. Baba yake, Mashimba, alikuwa mchinjaji wa kijiji, na kwa kuwa Mungu alimpa mabinti watupu, Nyanjige ndiye aliyemshikia miguu ya ng'ombe. Alimfundisha kwa kumshikisha. "Gusa hapa mgongoni, chini ya uti. Hii sarara, haifanyi kazi yoyote, inabebwa tu. Ndiyo maana laini. Haya, gusa shingo. Gusa kidari. Hizi zinafanya kazi mchana kutwa, zimejaa kano. Ukizipika kwa haraka zitakutukana. Ukizipa muda, zile kano zinayeyuka zinakuwa ute, na utamu wote uko humo." Baadaye kantini ikamfundisha yaliyobaki. Steki ilikuwa inakwenda meza ya wakubwa, na yeye aliachiwa shingo na miundi ya miguu awalishe watu mia na ishirini. Miaka kumi na sita! Mtu asipojua shingo baada ya hapo, huyo hafundishiki.

Mchinjaji wa siku ile alikuwa Mayala, mwenye bucha, mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Akamchuna maksai, akampasua, akatandaza vipande juu ya majani ya migomba. Watu walikuwa wamejaa, maana habari ya ule ushindani ilishafika mpaka Maswa.

"Nani anaanza?" Mayala akauliza.

"Aanze baba Januarius," Nyanjige akasema kwa adabu. "Ndiye mwanamume."

Januarius akaweka kofia yake sawa. Alipita mbele ya nyama mikono ikiwa nyuma, kama daktari wodini, akanyoosha kidole. "Sarara. Zote mbili."

Watu wakaguna kwa masikitiko. Mama wa watu ameshapoteza. Zamu yake ilipofika, Nyanjige akainama, akashika kipande kipana cha kifuani chenye mafuta meupe pembeni.

"Kidari," akasema.

Januarius akachagua paja la nyuma, lile nene, nyama tupu. Nyanjige akachagua nundu. Januarius akachukua nyama ya mgongo. Nyanjige akachukua shingo, nzima na mifupa yake. Hapo watu wakashindwa kujizuia, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

"Mayu," Mayala akamnong'oneza, "umechanganyikiwa? Shingo si ndiyo tunayochukua sisi wachinjaji, ikishakosa mwenyewe?"

"Na wewe mwaka huu huipati, baba. Pole."

Waliendelea hivyo hivyo. Paja la pili, huku bega. Steki ya kiunoni, huku miundi yote minne. Ulipoisha ugawaji, kila mmoja alikuwa amepata kila alichokitaka, na kila mmoja alimwona mwenzake mjinga. Haijapata kutokea Usukumani ng'ombe akagawanywa bila mtu kununa. Januarius aliondoka na mkokoteni wake akipiga mluzi.

Eufrasia alingoja mpaka wafike kibandani, ndipo akalipuka. "Dada, ulikuwa na nafasi ya kuchukua angalau paja moja! Moja tu! Sasa tunapeleka shingo mbele ya meneja? Shingo!"

"Amesema nini meneja? Amesema anataka nini?"

"Nyama ya kuokwa taratibu."

"Basi. Mpe sarara moto wa saa nane mfululizo uone inavyogeuka soli ya kiatu. Nyama isiyo na mafuta wala kano, ukiikalisha motoni inakauka, inakuwa nyuzi. Januarius amechukua nyama nzuri, nani kakataa? Lakini si nyama ya kazi hii. Ile ni ya kubabua na kutoa." Akashika shingo akaipigapiga kwa kiganja. "Kazi hii ni ya huyu."

"Na kama umekosea?"

Nyanjige aliangalia ng'ambo, kwenye lile paa. "Nikikosea nitakufa nikiwa naliangalia tu," akasema.

Mchana wote walifanya kazi. Mayala alikuwa amewakatia kwa shoka, lakini Nyanjige aliipitia tena nyama yote kwa kisu chake kidogo, akiondoa utando mgumu wa juu, akiacha mafuta yaliko, maana mafuta ndiyo mafuta ya kupikia. Akasugua chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga, akavining'iniza vipande kwenye kivuli chenye upepo, akavifunika kwa shuka safi vilale na chumvi yao.

Ikabaki habari ya moto, na hapo ndipo mwanamke huyu alipoonyesha akili. Kuni huku ziko wapi? Miti ya pamba inawaka kwa kishindo na kuzimika kabla hujageuka. Mkaa nao unahitaji mtu wa kuupepea na kuuongeza, na ukiukosea mara moja umeunguza. Lakini wachoma matofali wa Bariadi hawatumii kuni wala mkaa. Wanatumia pumba za mpunga. Wanapanga matofali, wanazungushia pumba, wanawasha, na pumba zile zinaungua polepole, bila mwali, siku tatu moto ni ule ule. Na pumba ni za bure. Nyuma ya kila mashine ya kukoboa mpunga kuna kilima chake. Nyanjige akaenda kwa mwenye mashine na mkokoteni, akarudi na magunia tisa. Nyuma ya kibanda wakapanga matofali mabichi, chumba kidogo cha kimo cha kiuno, cha kutosha sufuria tatu kubwa.

Alfajiri ya Ijumaa akababua kila kipande kwenye karai la moto mpaka kikapata rangi ya hudhurungi. Miundi akaiweka chini kabisa ya sufuria, juu yake vitunguu, juu yake nyama, akamwagia maji ya ukwaju kikombe kimoja kila sufuria na si zaidi. Mifuniko akaiziba pembeni kwa unga wa ngano uliokandwa, mvuke usipate pa kutokea. Wakaingiza sufuria kwenye chumba cha matofali, wakakifunga kwa udongo, wakamwaga pumba pande zote mpaka kikawa kichuguu. Saa kumi na moja na nusu akawasha.

"Sasa?" Eufrasia akauliza.

"Sasa tunakaa."

Kukaa! Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Kufikia saa tatu Januarius alikuwa ameshajenga jiko lake kwenye uwanja wa kiwanda, chuma kirefu juu ya mkaa, sarara na mapaja yamechomekwa, mafuta ya kupaka yanatiririka, harufu imejaa mpaka barabarani. Watu wakamzunguka wakimeza mate. Yeye anageuza, anapaka, anapepea, anasimulia Mwanza. Huku kwa Nyanjige hakukuwa na harufu, hakukuwa na mwali, ila kichuguu cha pumba kinachotoa uzi mwembamba wa moshi. Wanawake wawili wamekaa juu ya ndoo wanakiangalia.

Saa nne Bwana Constantine akavuka barabara. Akakizunguka kichuguu mara mbili. "Mama, chakula kiko wapi?"

"Humo ndani, bwana meneja."

"Humo?" Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Saa nane, mama. Si saa nane na dakika moja."

Alipoondoka, Eufrasia aliinuka na fimbo. "Nachungulia kidogo tu dada, sufuria moja tu..."

"Wee! Ukikigusa kichuguu hicho tunagombana leo leo!" Kisha akalainika. "Ukifungua, mvuke unatoka, nyama inakauka, tumekwisha. Kaa, ndugu yangu. Hata mimi naogopa." Na kweli aliogopa. Mara mbili alisikia sauti kichwani ikimwambia moto umezimika, mara tatu ikimwambia nyama imeungua. Akaipa mgongo ile sauti akasonga ugali.

Saa saba na nusu akaubomoa udongo kwa jembe. Joto likawapiga usoni. Wakatoa sufuria kwa magunia yaliyoloa, Nyanjige akapachua unga uliokauka kwenye mfuniko wa kwanza, akafunua.

Harufu! Eufrasia alisema "Mama yangu!" akakaa chini palepale. Nyanjige akachukua kijiko, kijiko cha chai, akakigusisha kwenye shingo. Hakukandamiza. Kikazama chenyewe mpaka mfupani.

"Tuvuke," akasema.

Saa nane kamili meza zilikuwa zimejaa. Bwana Constantine akaanza na Januarius, kama ilivyokuwa kwenye kuchagua. Sarara ilikuwa imependeza kwa macho, imekatwa vizuri, imepambwa na nyanya. Akatafuna. Akaendelea kutafuna. Vibarua nao wakatafuna. Uwanja mzima ukawa kimya, watu wanafanya kazi kwa mataya. Mzee mmoja akatoa kipande mdomoni kwa siri akamtupia mbwa, na mbwa naye akalala nacho chini akakishika kwa miguu miwili. "Ina ladha," meneja akasema kwa heshima, akanywa maji.

Kisha sahani ya Nyanjige. Nundu imekatwa vipande kinyume cha nyuzi, inang'aa. Kidari. Shingo iliyoachia mfupa, imelala kwenye mchuzi wake mzito. Meneja akachukua kijiko. Akala. Akafumba macho, na kwa muda hakuyafumbua. Halafu akala tena, akala tena, akasahau kusema chochote, na vibarua walipoona hivyo hawakungoja kuitwa. Walivamia sufuria. Ndani ya dakika tano foleni ya Nyanjige ilifika getini, na foleni ya Januarius ilikuwa mbwa.

"Simameni!"

Alikuwa Januarius, kofia mkononi, uso umemwiva. "Bwana meneja, mimi si mtu wa majungu. Lakini nyama hii siyo ya yule maksai. Sote tulimwona. Mzee, ana misimu tisa ya jembe! Nyama ya jembe inakatika kwa kijiko? Huyu mama amenunua ndama. Amevunja masharti, ametoka!"

Vijiko vikasimama njiani. Bwana Constantine akaweka chake chini, pole pole, na sura yake ikabadilika. "Mama Nyanjige, nilisema nini kuhusu nyama ya nje?"

Kwa kupika vizuri mno ndiyo Nyanjige anyang'anywe? Hasira ya mwaka mzima na nusu ikapanda yote kwa pamoja, na kwa bahati nzuri ikapandia kwenye ulimi.

"Baba Mayala, njoo hapa! Na nyinyi wote njooni!" Akashika sahani ya nundu akaigeuza upande wa chini. "Ng'ombe ana nundu ngapi?"

"Moja," watu wakasema.

"Ya jana alichukua nani, mbele ya macho yenu, mkanicheka? Haya. Angalieni hapa, upande wa mbele. Huu mkanda mgumu mweupe, mnene kama kidole, ni nini?"

Mayala akainama, akaugusa kwa dole gumba, akatabasamu mpaka sikioni. "Sugu ya nira. Jana kisu changu kilikwama papo hapo wakati nachuna."

"Sugu ya nira!" Nyanjige akapaza sauti. "Misimu tisa mti wa nira umekaa hapo. Nyama yote imelainika, lakini sugu hailainiki hata uipike mwaka mzima. Nani kati yenu hajawahi kumvalisha ng'ombe nira? Njooni mguse! Ndama gani huyo anayelima?"

Wakaja. Wote ni wakulima, pamba wameilima kwa maksai tangu utoto, na mahali nira inapokaa wanapajua hata gizani. Mmoja akagusa, akacheka. Wa pili akagusa, akapiga kofi. "Ni yeye! Ni yule mzee wa kijivu!" Kelele zikaanza mbele zikafika nyuma, wanawake wakapiga vigelegele, Eufrasia akarusha mwiko juu ukaangukia mahali ambapo mpaka leo haujapatikana.

"Shingo hii hapa, pingili zake hesabuni," Nyanjige aliendelea, sasa hazuiliki. "Kidari hiki, mfupa wake wa kati huu. Bega, jembe lake la mfupa hili. Kila kipande nimekichagua jana mchana kweupe, na aliyeniachia ni baba Januarius mwenyewe. Namshukuru. Wabeja sana, baba! Ungechagua shingo leo ningelia."

Bwana Constantine alicheka mpaka miwani ikaanguka. Akajaza sahani kwa mkono wake, akampa Januarius. "Kula, bwana. Kisha uniambie."

Januarius akala. Alitafuna mara moja, akasimama, maana hakukuwa na cha kutafuna. Watu wote wakimtazama, akamaliza sahani ile, akafuta mchuzi kwa tonge la ugali. Kofia yake nyeupe akaikunja akaitia mfukoni.

"Mama," akasema, na kwa mara ya kwanza hakutaja Mwanza, "hii ni shingo kweli?"

"Shingo, baba."

"Basi nimeshindwa." Akarudi kwenye foleni.

Meneja akatoa ufunguo mfukoni, mkubwa, umeshika kutu, akamwekea Nyanjige kiganjani mbele ya watu wote. "Kantini ni yako. Nitaandika mkataba, uanze Jumatatu."

Nyanjige akaufumba mkono. Machozi yalikuwa yamemjaa na hakujali nani anayaona.

"Jumatatu ni mbali, bwana meneja," akasema. "Kesho hawa watakula nini?"

Hakungoja jibu. Alivuka uwanja, vibarua wakimpisha na sahani zao mikononi, akafungua kufuli, akausukuma mlango kwa bega mara mbili mpaka ukakubali. Ndani kulikuwa na giza, vumbi na panya, na mafiga sita yamesimama vilevile. Akajifunga khanga kiunoni.

"Eufrasia! Lete ufagio, halafu mwambie Mayala kesho asiuze shingo hata moja!"